Mwaka wa Chumba cha Hodi

Jumanne asubuhi nilisimama kwenye ngazi za ghorofa ya pili, Rosettenville, Johannesburg, mbele ya geti la chuma la nyumba ya Yaya Feza, yaya kwa Kiswahili cha Kongo ni dada mkubwa, nikashindwa kubisha hodi. Nilikuwa nimebeba sufuria ya maharage na mfuko wa mchele, kama mtu yeyote aendaye msibani, na ujumbe wa sauti wa binti yake, anayeniita shangazi kwa Kifaransa, nilikuwa nimeusikiliza mara nne kwenye teksi: Tantine Neema, Mama ametuacha alfajiri. Mlango wa matanga huwa wazi, mtu anaingia tu na kutafuta pa kukaa. Lakini huu ulikuwa umefungwa, kwa sababu nilikuwa wa kwanza kufika, na wa kwanza hana budi kubisha. Kwa miaka ishirini na zaidi, kila nilipomtembelea Feza nilimpigia simu nikiwa bado chini barabarani, nikamwambia njoo unifungulie. Yeye alijua kwa nini, mimi nilijua kwa nini, na hatukuwahi kulisema. Sababu ni mwaka mmoja tu wa ujana wangu, mwaka nilioajiriwa kutisha watu kwa sauti yangu.

Nilipoambiwa mara ya kwanza kwamba kuna watu wazima, wenye akili timamu, wanaolipa ili watishwe, nilidhani Kiingereza changu ndicho kibovu. Kumbe watu hao walikuwepo kweli. Kusini mwa jiji kulikuwa na bustani ya michezo, yenye magurudumu ya kupanda na treni za watoto, na ndani yake kulikuwa na nyumba ya vitisho: unaingia mlango wa mbele, unapita vyumba vyenye giza, mafuvu yanakurukia, unatokea nyuma ukiwa umepiga kelele na kumpoteza mchumba wako. Vitu vya nyumba hiyo vilitengenezwa Jeppestown, katika karakana moja iliyobanwa kati ya wachomelea mageti. Hapo ndipo nilipopata kazi ya kushona nikiwa na miaka ishirini na moja. Kulikuwa na meza ndefu ya kukatia vitambaa, cherehani tatu, dirisha lililopakwa rangi ili majirani wasichungulie, na harufu ya gundi ambayo ilikaa kwenye nywele zangu hadi Jumapili kanisani. Tulikuwa watatu. Yaya Feza, mwanamke wa Uvira, Kongo, mkubwa wangu kwa miaka kumi na mitano hivi, ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa kushona. Rajabu, seremala wa Tanga, alijenga kuta na masanduku ya maiti huku akilalamika. Na mimi niliyekuwa nikitumwa.

Bosi wetu alikuwa Bwana Artur, Mreno aliyezaliwa hapahapa Rosettenville, mtu mnene mwenye moyo mwepesi. Ijumaa alituletea mikate yenye nyama na pilipili, akala nasi amekaa juu ya jeneza. Nasema hivi mapema kwa sababu nitakayoyaeleza yatamfanya aonekane mbaya, na hakuwa mbaya. Ningekuwa na mtu mbaya wa kumlaumu ningelala vizuri zaidi. Siku moja mwanzoni mwa mwaka alikuja bila mikate, akatwambia wenye bustani wamechoka na mafuvu. Wamenunua leseni.

"Leseni ya nini?" Rajabu akauliza. "Jeneza linaendeshwa?"

Artur akaeleza. Kulikuwa na sinema ya ng'ambo, ya muuaji aliyevaa kofia ya kuchomelea vyuma, na kila mtu aliijua isipokuwa sisi. Bustani ilikuwa imelipa ili iruhusiwe kumweka muuaji huyo ndani ya nyumba, jina lake, sura yake na muziki wake. Lakini wakubwa hawakuwa na hakika. Kwa hiyo msimu huo nusu ya nyumba ingekuwa ya sinema, na nusu nyingine ingekuwa ya kwetu, kitu kipya ambacho hakuna aliyekiona popote. Kitakachowatisha watu zaidi ndicho kitakachobaki, na mwakani kitachukua nyumba nzima.

"Haya, nimeelewa," alisema Rajabu baada ya Artur kuondoka. "Yaani zimwi nalo lina makaratasi. Mimi kila baada ya miezi sita nakwenda kupanga foleni tangu alfajiri niombe kuongezewa muda wa kukaa nchini, na zimwi limepewa leseni huko huko liliko."

Tulicheka mpaka Feza akaegemea cherehani. Tulicheka tena sanduku lilipofika. Lilikuwa limefungwa kwa kamba za plastiki na mihuri, na ndani, juu ya majani ya karatasi, kulikuwa na kofia ya kuchomelea vyuma. Nje ya dirisha letu, barabara nzima, wanaume kumi na tano walikuwa wamevaa kofia hizohizo. Rajabu akamwambia Artur angemletea moja sasa hivi, tena yenye moshi wa kweli. Artur akatikisa kichwa. Haikuruhusiwa. Pamoja na kofia kulikuja kitabu kinene chenye kanuni zote: aproni iwe ya rangi gani, mshono wa bega uwe wapi, asiseme neno, asionekane akila, asimame hatua ngapi kutoka kwa mgeni. Sisi tulimwita Fundi, kwa sababu hatukuweza kumwita kitu kingine, na Feza alimshonea aproni yake kwa kufuata kitabu ukurasa kwa ukurasa. Hakuwahi kukosea hata uzi. Hilo nalo linaniuma ninapolikumbuka, kwamba alimshonea vizuri vile.

Nusu ya kwetu ilikuwa haina wazo. Artur alitaja mchawi, Rajabu akataja popobawa, lile shetani la Pemba la usiku, kisha akasita kueleza kazi zake mbele ya wanawake. Feza aliendelea kushona siku mbili nzima. Siku ya tatu akasema anataka chumba kimoja tu, sebule ya kawaida ya kwao: makochi mawili yenye vitambaa vya kufuma, pazia mlangoni, redio, na meza yenye chakula kilichofunikwa. Wageni wanaingia, wanakaa. Nje ya mlango mtu anabisha hodi. Mara tatu. Halafu nyayo zake zinasikika zikienda zake.

Artur alingoja. "Halafu kinatokea nini?"

"Anaenda," alisema Feza.

"Ndiyo, lakini baadaye nini kinawarukia?"

"Hakuna. Ule mutu anaenda. Ndiyo kile kinatokea."

Kwetu hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa unaondoka. Kuendelea kubisha ni kukosa adabu. Mimi niliacha mkasi katikati ya kitambaa, na Rajabu aliyekuwa anapiga msumari aliacha kupiga. Artur akatutazama sisi wawili, akaona kwamba kuna kitu, ingawa yeye mwenyewe hakukisikia. Alikubali kwa ajili ya nyuso zetu.

Chumba kile kilikuwa kitu kizuri zaidi nilichowahi kukishiriki. Artur alikuwa ameagiza chakula cha plastiki, Feza akakikataa kwa sababu hakinuki. Kila siku ya kazi alipika nyumbani kwake bugali, sombe, yaani kisamvu, na ndagala, dagaa wa ziwa la kwao, akabeba kwa basi, akafunika kwa sahani kwenye meza ya chumba, na bustani ilipofungwa tulikaa kwenye makochi yaleyale tukakila kikiwa kimepoa. Pazia alilishona mwenyewe, la kijani lenye maua meupe. Kuhusu mlango kulikuwa na kesi. Kanuni za moto zilisema mlango unaofunguka ni njia ya kutokea, na juu ya njia ya kutokea lazima kuwe na taa ya kijani. Feza akasema hataki taa ya kijani sebuleni kwake. Basi Rajabu akajenga mlango usiofunguka, wenye kitasa kinachozunguka na bawaba za kweli, lakini nyuma yake ukiwa umepigiliwa mbao. Nyuma ya mbao hizo kulikuwa na nafasi ya kusimama mtu mmoja mwembamba. Mtu huyo alikuwa mimi.

Alinifundisha hodi wiki nzima. Nilikuwa nadhani najua kubisha.

"Hapana, mudogo wangu. Iko na haraka ile. Sema kama mutu anatoka mbali, anachoka, lakini hataki kusumbua batu."

Nikasema.

"Ile ya pili isipite ile ya kwanza kwa nguvu. Yee hawezi kupandisha sauti. Alikuwaka na heshima sana."

Nilisikia ile "alikuwaka", kama anayemsema mtu wa kweli asiyekuwepo tena, nikaiacha ipite. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na watu wengi tuliofanya nao kazi walikuwa na maneno ambayo huyaulizii. Siku ya tano nikasema hodi. Nilipozunguka kuja chumbani nikamkuta amekaa, mikono mapajani. Akaniambia, "Ni ile."

Nyumba ilifunguliwa mwezi wa nne. Kutoka nyuma ya mbao sikuona mtu, nilisikia tu. Kwenye nusu ya Fundi wageni walipiga mayowe kabla hata hajatokea, kwa sababu walisikia muziki wake na kumjua. Walikuwa wamekuja na woga wao kutoka nyumbani. Halafu waliingia kwetu wakihema, wakakaa. Nikasema hodi. Wakauliza huyo anasema nini. Nikasema hodi ya pili. Mmoja akasema kumbe kuna harufu ya samaki. Nikasema ya tatu, nikatembea kwa ndala zangu juu ya mbao hadi mwisho, taratibu, nikaenda. Wakanyanyuka, wakatoka, wakamwambia Artur mlangoni kwamba chumba cha pili kilikuwa kizuri cha kupumzikia.

Mara moja tu kilifanya kazi. Ilikuwa Jumamosi, akaingia Mkenya mmoja na familia yake, mtu wa benki kwa jinsi alivyoongea. Nilisema hodi, naye akajibu "Karibu!" bila kufikiri, kama ambavyo ningejibu mimi. Hakuna kilichotokea. Nikasema ya pili. "Karibu, ingia!" Sauti yake ilikuwa imebadilika. Mimi nilikuwa sina ruhusa ya kujibu, na sikuwa na pa kuingilia. Nikasema ya tatu, nikaanza kutembea, na nikamsikia akinyanyuka akiita, "We! Karibu nimesema, njoo! Usiende!" Watoto wake wakamwambia kwa Kiingereza, Dadi, ni mchezo tu. Alitoka akiwa ametota jasho, akamshika Artur mkono na kumwambia kitu kama hicho hajawahi kukiona maishani mwake. Feza alisimuliwa hayo, akaniomba niyarudie mara mbili. Lakini alikuwa mtu mmoja, katika miezi miwili.

Artur alitaka kutusaidia. Wallahi alitaka kutusaidia, kama anavyosema Rajabu mpaka leo. Alisema tatizo ni lugha, na lugha ina dawa. Akaenda kumtafuta binti wa dada yake, mwenye sauti nzuri, akarekodi hodi kwa Kiingereza, na akaniwekea kitufe nyuma ya mbao: taa nyekundu ikiwaka, maana yake wageni wameingia, nibonyeze. Sasa Kiingereza hakina hodi. Wana mlio tu wa vidole kwenye mbao, nok nok. Na kumbe mlio huo ndio mwanzo wa utani wa watoto ambao kila Mwingereza ameufanya tangu chekechea: mmoja anasema nok nok, mwenzake lazima aulize nani huyo, halafu kinafuata kichekesho. Sisi hatukujua. Artur alijua, lakini hakufikiri. Siku ya kwanza nikabonyeza, sauti ikasema nok nok, na chumba kizima kikajibu kwa pamoja, kwa furaha, "Nani huyo?" Wakaangua kicheko. Wakangoja kichekesho. Nyayo zikaenda zake, na hicho ndicho kikawachekesha zaidi.

"Eish, mngenishirikisha," alisema MaDlamini, mama aliyekuwa akifagia vyumba, siku aliponikuta nalia kwenye ngazi. "Sisi hapa mlangoni tunasema ko ko. Mtu akisema ko ko mara tatu halafu aondoke, mimi ningetoka kwenye chumba hicho kupitia ukutani."

Nilikimbia kumwambia Artur. Akanisikiliza vizuri, akaniwekea mkono begani, akasema ni wazo zuri sana. Lakini uamuzi ulikuwa umefanywa wiki hiyo hiyo. Fundi alikuwa amepewa nyumba nzima.

Feza aliponieleza hodi ile ilikuwa ya nani, tulikuwa tunakula kwenye makochi. Hakulia, alikuwa anachambua miiba ya ndagala. Alisema katika vita vya kwao, watu wenye bunduki walikuwa wakibisha hodi kwa adabu kabla ya kuingia kupora, na wenyeji walijifunza kutoitika. Siku moja, saa nane mchana, jua kali, alikuwa amejificha chini ya kitanda, akasikia hodi. Aliisikia kuwa ni sauti ya mdogo wake Mapendo. Na hakuwa na hakika. Ikaja ya pili. Akafungua mdomo, mdomo ukakataa. Ikaja ya tatu, halafu nyayo. Mapendo hakupiga kelele, hakusukuma mlango, hakusema ni mimi. Aliondoka kwa sababu ndivyo walivyolelewa, na hakuna aliyemwona tena.

"Ningekuwa namusikia tena hata hapa tu," alisema. "Mutu mumoja amwitike. Ile Mukenya alimwitika."

Niliichukua sahani yake, nikamalizia kumchambulia miiba.

Siku ya mwisho ilikuwa Jumapili, mchana. Jumatatu Rajabu angebomoa. Feza akanivuta pembeni kabla ya kufungua, akaniambia ataingia peke yake kabla ya wageni, nisibonyeze, nibishe mwenyewe. Mara moja tu. Nikasimama nyuma ya mbao. Nilimsikia akikaa, nikasikia springi za kochi. Nikasema hodi, ile ya siku ya tano, ya mtu aliyetoka mbali.

Nilikuwa nimeanza kuvuta pumzi ya ile ya pili. Halafu akasema, "Karibu. Karibu, Mapendo. Ingia."

Mtu akishakaribishwa habishi tena, anaingia, na mimi nilikuwa na ukuta mbele yangu. Nikasikia akinyanyuka. Nikasikia pazia likisogezwa, halafu kitasa kikaanza kuzunguka, karibu na tumbo langu, kikazunguka na kuzunguka. Yeye ndiye aliyeuchagua mlango ule. Alikuwepo Rajabu alipopigilia kila msumari.

"Mapendo," akasema, "mulango unakatala. Ngoja. Usiende, ninakuya. Mulango unakatala."

Ningeweza kuzunguka kwa korido. Ilikuwa hatua ishirini. Ningeweza kusema yaya, ni mimi Neema, niko hapa. Nilibaki nimesimama viganja vikiwa juu ya mbao, nazisikia zikitikisika. Hapo taa nyekundu ikawaka, kwa maana wageni walikuwa wameruhusiwa kuingia mapema, na kidole changu kikabonyeza. Sikukiamuru. Kilikuwa kimebonyeza miezi miwili, kikabonyeza.

Nok nok, ikasema sauti ya msichana.

"Nani huyo?" vijana wakapiga kelele kutoka mlango wa kuingilia, wakicheka.

Kitasa kikaacha kuzunguka.

Mwaka uliofuata tulishona aproni. Feza alifuata kitabu, mimi nilikata, na Ijumaa tulikula mikate ya Artur. Hakunilaumu. Alinipikia, alinisindikiza nilipoolewa, alinishikia mtoto wangu wa kwanza. Kuna siku nilitamani anitukane. Leseni ya Fundi iliisha baada ya miaka michache, hawakuweza kuilipa tena, na karatasi ilisema kila kitu kiharibiwe na kipigwe picha kikiharibiwa, hivyo tukachoma aproni zetu uani na Artur akapiga picha. Sebule ya Feza haikuwa na leseni, na hakuna aliyeuliza iko wapi. Pazia alilikunja kwenye mfuko siku ileile ya kubomoa, akaenda nalo kwa basi.

Pazia hilo ndilo nililokuwa nikilitazama Jumanne, kupitia vyuma vya geti, nyuma ya kioo cha mlango: kijani kilichopauka, maua meupe yaliyogeuka manjano. Nikaweka sufuria chini. Nikasema hodi. Sauti yangu sasa ni ya mwanamke mzito, lakini ilitoka vilevile, kama alivyonifundisha. Nikasema ya pili, wala sikuipandisha. Nilikuwa naogopa ya tatu kwa sababu najua kinachofuata baada ya ya tatu. Nikaisema.

Kitu kikasogea ndani. Sauti ya msichana ikauliza kwa Kiingereza, "Nani huyo?"

Ni mjukuu wake, ana miaka kumi na mmoja, amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia, anajibu kwa Kiingereza au Kizulu. Jina lake Mapendo. Nilishika chuma cha geti. Nikamwambia ni mimi, Bibi Neema, na kwamba mtu akibisha hodi haulizwi nani, anaambiwa karibu.

Pazia likasogea, akafungua mlango wa ndani. Macho yalikuwa mekundu. "Sina ufunguo wa geti," akasema. "Mama amekwenda nao kwa watu wa mazishi."

"Haidhuru. Sema tu."

Akanitazama kupitia vyuma, akaona sijui nini usoni mwangu, akasema kwa ulimi wake wa Johannesburg, "Karibu, Bibi."

Nikasema asante. Nikakaa kwenye ngazi, yeye akakaa sakafuni upande wake wa geti, tukamngoja mama yake arudi na ufunguo.